Kromosomu ngapi, kromatidi ngapi? Namna ya kuhesabu katika kila hatua ya mgawanyiko wa seli

Seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46. Hilo analijua karibu kila aliyesoma baiolojia ya sekondari. Sasa uliza swali la pili: seli hiyohiyo ikiwa katika metafezi, hatua ya mgawanyiko ambapo kromosomu zimejipanga katikati ya seli, ina kromosomu ngapi na kromatidi (nakala pacha zilizoshikamana ndani ya kromosomu) ngapi? Hapo darasa linakatika mapande. Wako watakaosema 92 na 46, wako watakaosema 92 na 92, na wako wachache watakaosema 46 na 92, baadhi yao wakiwa wamebahatisha tu. Wahamishie kwenye anafezi, hatua inayofuata, na hata hao wachache watatawanyika.

Wanaokosea huwa wanajua kuzidisha kwa mbili. Kinachowaangusha ni kwamba kitu kilekile hubadilishiwa jina katikati ya safari, na vitabu vingi hupita mahali hapo mbiombio. Ninachokupa hapa ni kanuni moja ya kuhesabia. Tutaipitisha kwenye mitosisi (mgawanyiko wa kawaida wa seli za mwili), kwenye hadubini, kwenye meiosisi (mgawanyiko unaotengeneza gameti, yaani mayai na manii), kisha kwenye viumbe vichache vyenye namba za ajabu. Tafuta karatasi na penseli mbili za rangi tofauti, maana somo hili halisomeki kwa macho pekee.

Hatua ya 1: Chora jedwali la safu mbili

Juu ya safu ya kwanza andika SENTROMIA. Juu ya safu ya pili andika DNA.

Sentromia ni ile sehemu iliyobanwa ya kromosomu ambako nyuzi za spindili, zile zinazovuta kromosomu, huja kujishikiza wakati wa mgawanyiko. Si lazima iwe katikati. Kwenye kromosomu nyingine iko karibu na ncha kabisa. Safu ya DNA ni ya molekuli: kila uzi mmoja mrefu wa DNA, na protini zake ulizojizungushia, unahesabiwa moja.

Kanuni yenyewe ni hii. Idadi ya kromosomu ni idadi ya sentromia, na sentromia mbili zilizoshikamana zinahesabiwa moja. Basi linganisha safu zako. Zikiwa sawa, ndani ya seli hiyo hakuna kromatidi. Kila kromosomu ni uzi mmoja. Safu ya DNA ikiwa mara mbili ya safu ya sentromia, kila kromosomu ina kromatidi mbili, na idadi ya kromatidi ni ile iliyoandikwa kwenye safu ya DNA.

Usihesabu miguu ya ile X ya kromosomu kwenye picha za vitabu. Usihesabu mikono. Hesabu sentromia.

Hatua ya 2: Tofautisha kromatidi dada na kromosomu za jozi

Huku ndiko kwenye mkanganyiko mkubwa kuliko wote, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua doti ya kanga ambayo haijakatwa. Unaikunja kama kitambaa kimoja, lakini ndani yake mna vipande viwili vilivyofanana kwa kila kitu: pindo, mji na jina. Mkasi ukishapita katikati, kila kipande ni kanga kamili, na hakuna anayekiita tena nusu ya doti. Kromosomu iliyokwisha kunakiliwa ni hiyo doti nzima. Vipande vyake viwili ndivyo kromatidi dada. Vikitenganishwa, kila kimoja kinaacha kuitwa kromatidi na kinakuwa kromosomu inayojitegemea.

Sasa weka pembeni yake doti ya pili, yenye pindo na mji uleule, ila jina lake ni jingine. Hizo mbili ni kromosomu za jozi: moja umeipata kwa mama, nyingine kwa baba. Zina jeni zilezile kwa mpangilio uleule, lakini maandishi ya jeni hizo yanaweza kutofautiana. Jeni ya makundi ya damu ya A, B na O, kwa mfano, iko kwenye kromosomu namba 9. Kromosomu yako ya 9 uliyoipata kwa mama inaweza kubeba maandishi ya A, na ile ya baba ikabeba ya O. Kromatidi dada haziwezi kupishana hivyo zikiwa zimetoka tu kunakiliwa, kwa sababu moja ni nakala ya nyingine.

Kwa penseli zako mbili, chora kromosomu ya mama kwa rangi moja na ya baba kwa rangi nyingine. Kila kromosomu iwe na kromatidi mbili za rangi moja. Ukijiona unachora X yenye upande mmoja mwekundu na upande mwingine wa buluu, simama ufute: umezigeuza kromosomu za jozi kuwa kromatidi dada. Kosa hili ni la kawaida sana, na linaharibu meiosisi yote baadaye.

Hatua ya 3: Fuata seli moja ya kitunguu tangu mwanzo hadi mwisho

Binadamu ana namba kubwa mno kuchora. Tumtumie kitunguu maji, ambaye seli zake za mwili zina kromosomu 16, yaani jozi 8. Nitakuambia sababu nyingine ya kumchagua tukifika kwenye hadubini.

Seli imezaliwa sasa hivi na iko katika G1, sehemu ya kwanza ya interfezi, yaani muda ambao seli haigawanyiki. Sentromia 16, DNA 16. Safu ziko sawa, kwa hiyo kromosomu ni 16 na kromatidi hakuna. Kromosomu ya G1 ni uzi mmoja tu, mrefu na mwembamba, umetandazwa ndani ya kiini usionekane kabisa kwa hadubini ya shule. Haina umbo la X.

Inafuata S, ambapo DNA inanakiliwa. Ikikamilika, sentromia bado ni 16 kwa hesabu yetu, lakini DNA imefika 32. Kromosomu 16, kromatidi 32. Protini iitwayo kohesini inazifunga kromatidi dada pamoja kwa urefu wake wote tangu zinaponakiliwa. Katika G2 namba hazibadiliki. Seli inajiandaa na kukagua kama nakala ni nzuri.

Profezi: kromosomu zinajikunja na kunenepa hadi zinaonekana. Bado 16 na 32. Utando wa kiini unavunjika profezi inapoisha.

Metafezi: kromosomu zinapangwa kwenye mstari wa katikati ya seli. Kila kromatidi imeshikwa na nyuzi za upande wake, moja inavutwa huku na dada yake anavutwa kule, lakini kohesini kwenye sentromia haijaachia. Bado 16 na 32. Seli haiendelei mbele mpaka kila kromosomu iwe imeshikwa pande zote mbili. Ikibaki hata moja ambayo haijashikwa, mawimbi ya kemikali yanayotoka kwenye sentromia yake yanailazimisha seli nzima kusubiri.

Anafezi: kimeng'enya kiitwacho separezi kinakata kohesini iliyobaki. Kromatidi zote zinaachana kwa mpigo mmoja. Rudi kwenye jedwali: sentromia sasa ni 32, DNA ni 32. Safu ziko sawa. Kromosomu 32, kromatidi hakuna.

Telofezi: kromosomu 16 ziko kila upande, viini viwili vinajengwa, na katikati ya seli ya kitunguu unaanza kujengwa ukuta mpya. Kila seli changa inaondoka na sentromia 16 na DNA 16, kama ilivyoanza mama yao.

Sasa angalia jedwali lako kwa utulivu, kwa sababu jambo zima la mwongozo huu liko hapo. DNA iliongezeka katika S. Kromosomu ziliongezeka katika anafezi. Ni matukio mawili tofauti, yanayotenganishwa na saa kadhaa. Anayedhani yametokea pamoja ndiye anayejibu 92 kwa metafezi ya binadamu.

Utakutana na vitabu vinavyochora anafezi na kuandika "kromatidi zinaelekea kwenye ncha". Si kosa la kutisha. Wanataja asili ya kitu, si hali yake ya sasa. Kwenye mtihani, ukiulizwa anafezi ya binadamu, jilinde kwa kuandika jibu lisilopinda: "kromosomu 92, kila moja ikiwa na molekuli moja ya DNA." Msahihishaji anayefuata kanuni yoyote kati ya hizo mbili ataelewa kwamba unajua unachosema.

Wale wa kidato cha tano na sita mtakutana pia na herufi n na C. Zitenganisheni kwa safu zilezile: n inahusu seti za kromosomu, C inahusu kiasi cha DNA. Seli ya G1 ni 2n na 2C. Seli ya G2 ni 2n na 4C. Gameti ni n na C. Hakuna zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: Ione kwa macho yako kwenye mzizi wa kitunguu

Kitunguu maji kina DNA nyingi kwa kila seli kuliko binadamu, kwa makadirio mara tano hivi ukilinganisha jenomu kwa jenomu, na imejazwa kwenye kromosomu 16 tu. Matokeo yake kromosomu zake ni nene na kubwa, na hadubini ya kawaida ya shule inazionyesha. Ndiyo maana maabara nyingi duniani zinamtumia yeye.

Chagua kitunguu kikavu, kigumu, kisichooza kitakoni. Kwangua mizizi mikavu ya zamani kwa wembe bila kuumiza kitako chenyewe. Kikalishe juu ya glasi ya maji, kitako kikigusa maji kidogo tu. Vijiti vitatu vya kuchokolea meno vitakisaidia kisizame. Badilisha maji kila siku. Baada ya siku mbili hadi nne utakuwa na mizizi myeupe ya sentimita moja hadi tatu. Hiyo inatosha. Mizizi ya wiki nzima haina msisimko.

Kata ncha za mizizi, urefu wa kama sentimita moja, uzitumbukize kwenye mchanganyiko wa sehemu tatu za ethanoli na sehemu moja ya asidi ya asetiki isiyochanganywa na maji. Hapo seli zinakufa papo hapo na kubaki katika hatua zilizokuwapo. Ziache usiku mmoja. Ethanoli inashika moto, kwa hiyo kazi hii ifanyike mbali na jiko la maabara, na asidi ya namna hiyo inaunguza pua na ngozi. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha.

Kesho yake fanya hivi:

1. Weka ncha kwenye asidi ya haidrokloriki ya molari 1 iliyopashwa nyuzi joto 60, kwa dakika tano hivi. Asidi inalegeza gundi inayoshikanisha kuta za seli. Bila hatua hii mzizi hautapondeka, utakatika vipande.

2. Suuza kwa maji mara mbili au tatu. Mzizi sasa ni laini, ushike kwa kibanio taratibu.

3. Weka mzizi kwenye kioo cha hadubini. Kata milimita mbili za mwisho, zile za nchani kabisa, kisha tupa zilizobaki.

4. Dondoshea rangi ya asetokamini au asetoosini. Kama ni toluidini buluu dakika mbili zinatosha. Asetokamini na asetoosini zinahitaji dakika kumi au zaidi.

5. Funika kwa kioo chembamba. Gonga polepole kwa kitako cha penseli mpaka mzizi utawanyike na kuwa kama wingu.

6. Weka karatasi ya kunyonya juu yake, kisha kandamiza kwa kidole gumba, wima. Usisugue, usizungushe. Kioo kikiteleza, seli zote zinajikunja kama mikeka na kazi imeharibika.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi kuliko hata asidi. Seli zinazogawanyika ziko nyuma kidogo tu ya kofia ya mzizi. Ukienda milimita chache juu unakuta seli ndefu ambazo zimeacha kugawanyika na sasa zinarefuka. Ukitazama na kuona mistatili mirefu yenye viini vidogo, usihangaike na rangi. Ulibakiza upande usio wake. Unazozitafuta ni seli fupi, karibu mraba, zilizobanana, na kiini kimejaa nusu ya seli.

Anza na lenzi ndogo, tafuta eneo hilo, panda hadi lenzi ya 40. Usitarajie kuona kama kwenye picha ya kitabu. Seli nyingi zitakuwa katika interfezi, viini vyake vikiwa mviringo na rangi sawasawa. Zinazogawanyika, nyingi zitakuwa profezi, kama nyuzi za sufu zilizosokotana. Metafezi utaiona kama mstari mzito katikati. Anafezi ni chache kwa sababu inapita haraka, lakini ukiipata huwezi kuisahau kirahisi: makundi mawili yanayoachana, mikono ya kromosomu ikiburuzwa nyuma ya sentromia, kila kundi limepinda kuelekea ncha yake. Hapo unaona kwa macho kwamba kinachovutwa ni sentromia. Mikono inafuata tu.

Je, utaweza kuhesabu 16? Kwa njia hii, ni vigumu. Kromosomu za metafezi zimerundikana. Badala yake hesabu seli. Tuseme umehesabu seli 200 na 18 kati yake ziko katika hatua yoyote ya mitosisi. Gawanya 18 kwa 200, zidisha kwa 100, unapata asilimia 9. Namba hiyo huitwa kipimo cha mitosisi. Rudia hesabu hiyo kwenye eneo lililo juu zaidi ya ncha na utaiona inashuka.

Na X? Hutaiona.

Hatua ya 5: Jua X ilitoka wapi

Umbo la X ambalo limekaa kichwani mwa kila mwanafunzi lina maelezo. Katika maabara za hospitali, seli zinazoandaliwa kwa picha ya kromosomu huwekewa dawa kama kolchisini, ambayo huvunja nyuzi za spindili. Seli inafika metafezi, inakuta hakuna nyuzi, na inakaa hapo. Kadiri inavyokaa, kohesini ya mikononi inazidi kuondoka, ila ya kwenye sentromia inabaki. Mikono minne inatanuka, kiuno kimeshikwa. Hiyo ndiyo X. Halafu seli inawekwa kwenye maji yenye chumvi kidogo kuliko yake, inavimba, na kromosomu zinatawanyika zisilaliane.

Njia hizo mbili, kolchisini na kuvimbisha, ndizo zilizosahihisha kosa lililodumu miaka zaidi ya thelathini. Tangu mwaka 1923, kufuatia hesabu ya Mmarekani Theophilus Painter, wanasayansi waliamini binadamu ana kromosomu 48. Mwishoni mwa 1955, huko Lund nchini Sweden, Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, akifanya kazi na Albert Levan, alitazama seli za mapafu ya kiinitete cha binadamu zilizotawanyika vizuri na akahesabu 46. Matokeo yalichapishwa 1956. Kwa hiyo mwanafunzi anayeshindwa kuhesabu kromosomu zilizolaliana asijione mjinga. Mabingwa walishindwa kwa kizazi kizima, hadi walipopata namna ya kuzitenganisha.

Somo la vitendo kutoka hapo: picha ya X inakuonyesha kromosomu iliyokwisha kunakiliwa, ikiwa imesimamishwa katika metafezi. Sehemu kubwa ya maisha yake kromosomu haina umbo hilo.

Hatua ya 6: Ipeleke kanuni kwenye meiosisi

Meiosisi inafanya migawanyiko miwili baada ya kunakili DNA mara moja tu. Ukilishika hilo, jedwali linafanya kazi yenyewe. Tuendelee na kitunguu cha 16, safari hii kwenye ua lake.

Baada ya S: sentromia 16, DNA 32. Katika profezi ya kwanza kromosomu za jozi zinatafutana na kulala pamoja, zinakuwa makundi 8, kila kundi likiwa na kromatidi nne. Namba hazijabadilika: 16 na 32. Hapa kromosomu za mama na baba zinabadilishana vipande. Chukua penseli yako sasa, na hapa ndipo unaporuhusiwa kuchanganya rangi: chora ncha ya buluu kwenye kromatidi moja nyekundu, na ncha nyekundu kwenye kromatidi moja ya buluu. Kuanzia sasa kromatidi dada hazifanani tena kila kitu, na mfano wa doti umefikia ukomo wake.

Anafezi ya kwanza ndiyo mtihani wa kweli. Zinazoachana ni kromosomu za jozi. Sentromia hazikatiki, kohesini ya hapo inalindwa na protini nyingine isikatwe. Kwa hiyo seli nzima bado ina kromosomu 16 na kromatidi 32, nane zikienda huku na nane kule. Linganisha na anafezi ya mitosisi, ambako tulikuwa na 32 bila kromatidi. Picha mbili zinazofanana kwa mbali, hesabu tofauti kabisa.

Mgawanyiko wa kwanza ukiisha, kila seli ina kromosomu 8 na kromatidi 16. Hakuna S nyingine katikati. Metafezi ya pili: 8 na 16. Anafezi ya pili: sasa sentromia zinaachia, kromosomu 16, kromatidi hakuna. Mwisho: seli nne, kila moja na kromosomu 8 na DNA 8.

Kwa binadamu weka 46 mahali pa 16 na upitie tena bila kunifuata mimi. Metafezi ya pili unapaswa kupata 23 na 46. Kama umepata 46 na 92, ulisahau kugawa mara ya kwanza. Kama umepata 23 na 23, uliziachanisha kromatidi mapema.

Kosa la mgawanyiko huu lina uzito nje ya daraja la mtihani. Mayai ya mwanamke huanza meiosisi kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, kisha husimama katika profezi ya kwanza. Yai linaendelea pale linapokaribia kutoka, na hiyo ni miaka kumi na kitu, ishirini, hata arobaini baadaye. Muda huo wote kohesini ileile ndiyo inayoshika, na uchakavu wake ni sababu mojawapo ya kromosomu kugawanywa vibaya umri unavyosogea. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin huko Paris walionyesha kwamba watoto wenye hali ya Down wana kromosomu 47, yaani ya 21 ziko tatu. Mara nyingi chanzo ni jozi ya 21 iliyoshindwa kuachana kwenye yai, hasa katika mgawanyiko wa kwanza, na yai likatoka na 24 badala ya 23. Mzazi hakula kitu kibaya wala hakurogwa.

Ukiulizwa metafezi ya mitosisi ya mtu huyo, kanuni haibadiliki: 47 na 94.

Hatua ya 7: Jipime kwa viumbe wasumbufu

Ziba majibu kwa mkono, fanya kwanza.

Ng'ombe ana 60. G1, metafezi, anafezi ya mitosisi? Ni 60 bila kromatidi. 60 na 120. 120 bila kromatidi. Mbuzi naye ana 60, na hawazaliani na ng'ombe, kwa hiyo usiichukue idadi kuwa kitambulisho cha spishi.

Kuku ana 78. Gameti yake? 39. Nyingi ni vijikromosomu vidogo mno. Ukipewa kazi ya kuzihesabu kwenye picha, kataa.

Ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki, zile za Bukoba na Buganda, zina kromosomu 33: seti tatu za 11. Metafezi ya mitosisi ni 33 na 66, na mgomba unakua bila shida yoyote kwa sababu mitosisi haihitaji jozi. Meiosisi inaihitaji. Kromosomu tatu zinazofanana haziwezi kugawanyika sawa pande mbili, gameti zinatoka na namba za ovyo, na tunda linajijaza bila mbegu. Ndiyo sababu mkulima anapanda machipukizi.

Nyumbu, yule mtoto wa punda dume na farasi jike, ana 63. Farasi ana 64 na punda ana 62; alipokea 32 na 31. Mitosisi yake inakwenda vizuri: metafezi 63 na 126. Swali la nyongeza, kwa nini hazai? Tumia jibu la ndizi, kisha ongeza kwamba hata kromosomu zilizo na wenzake, za farasi kwa za punda, hazilingani vizuri.

Mwisho ni nyuki. Malkia na vibarua wana 32. Dume hutoka kwenye yai lisilorutubishwa, kwa hiyo ana 16. Metafezi ya mitosisi ya dume: 16 na 32. Anafezi: 32, kromatidi hakuna. Manii yake yatakuwa na kromosomu ngapi? Ukisema 8, umetumia kanuni ya meiosisi mahali ambapo hakuna jozi za kuachanisha. Mgawanyiko wa kwanza kwa nyuki dume haugawi kromosomu. Unaofuata unaachanisha kromatidi tu. Manii yana 16.